Difu ya bolti 10 imenivunjikia kwenye mbio za dragi: niweke ekseli gani ya nyuma iliyo imara zaidi?

#1 Mwanzisha uzi, Ohio

Wakuu, nawasalimu. Ninaishi Ohio na ninamiliki Chevrolet Nova ya mwaka 1969, moja ya yale magari ambayo Wamarekani huyaita magari ya misuli, yaani bodi ya gari la kawaida la familia iliyobebeshwa injini kubwa kuliko ilivyostahili. Wakati wa kiangazi hulipeleka kwenye mbio za dragi, ambako magari mawili hushindana kwenye njia iliyonyooka yenye urefu wa robo maili, sawa na mita 402. Injini si ya asili: ni bloku ya 350 iliyochongwa na kuwekewa kranki ya 400, hivyo ujazo wake umefika inchi za ujazo 383, na nyuma yake kuna gia boksi ya otomatiki aina ya TH350. Muda wangu bora ni sekunde 11.62, nikivuka mwisho kwa maili 117 kwa saa.

Mwezi uliopita niliachana na matairi ya barabarani nikafunga vipara vya dragi vyenye kipenyo cha inchi 28, laini kiasi kwamba ukibonyeza kwa ukucha alama inabaki. Katika safari ya tatu ya siku hiyo, taa ya kijani ilipowaka gari liliruka hatua chache, ukasikika mlio kama wa ukuni mkavu unaovunjwa gotini, kisha injini ikapanda peke yake na gari likabaki pale pale. Niliposhuka nilikuta gurudumu la kushoto limetoka nje kwa upana wa kiganja na kuegemea ukingo wa bodi, na kilichokuwa kimelizuia lisiondoke kabisa ni ngoma ya breki tu.

Difu yenyewe ni ile iliyotoka nayo kiwandani: Chevrolet ya bolti 10, krauni ya inchi 8.2, shafti zenye meno 28. (Kwa wasioizoea lugha hii, difu ni gia za ekseli ya nyuma zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili; bolti zinazohesabiwa ni zile za kifuniko chake cha nyuma; krauni ni gurudumu kubwa la meno lililo ndani yake, na pinioni ni gia ndogo inayolizungusha; shafti ni fimbo zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu, na meno yake ni yale ya ncha ya ndani.) Shafti ya kushoto imekatika karibu na meno, na meno yenyewe yalikuwa yamejisokota kabla ya kukatika, yamelala upande kama nyuzi za kamba ya kumba. Shafti ya kulia haikukatika, ila nikiinyanyua dhidi ya mwanga ninaona nayo imeanza kujipinda vivyo hivyo.

Lengo langu ni sekunde 10.80 msimu ujao, baada ya kuongeza naitrasi, ile gesi ya kuipa injini nguvu zaidi kwa muda mfupi. Gari bado huenda barabarani siku mojamoja, hivyo sitaki kitu cha mashindano pekee. Nimeshaambiwa niweke difu ya bolti 12, nimeambiwa niweke Ford ya inchi 9, na mmoja ameapa kuwa bila ile difu nzito iitwayo Dana 60 nitarudi hapa hapa kulia. Naomba tujadili kwa sababu, si kwa ushabiki wa chapa.

#2 Mchangiaji, Dar es Salaam

Pole sana mkuu, na tumshukuru Mungu kwamba umevunja chuma na si mguu. Mimi ni fundi wa Land Cruiser na sina uzoefu wa mbio hizo, ila nina mambo mawili ya kusema.

La kwanza ni swali. Kwenye Land Cruiser zetu za kazi, shafti ya nyuma haibebi uzito wa gari hata kidogo. Uzito unabebwa na habu iliyokaa juu ya beringi zake mbili, na shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Ikikatika, gurudumu linabaki mahali pake na unavutwa hadi gereji. Kwa nini gari linaloruka namna hiyo lisifungwe mfumo kama huo?

La pili ni hili. Umesema injini ni ile ile na gia boksi ni ile ile, na difu ilivumilia muda wote huo. Kilichobadilika ni matairi. Mimi ningeanza kuulizia hapo kabla ya kuulizia bolti ngapi.

#3 Mwanzisha uzi

Fundi, ahsante. Swali lako la kwanza lina jibu fupi: habu za namna hiyo zipo na watu wa mbio huzitumia kwenye magari mazito, lakini zinaongeza uzito, upana na gharama, na kwa gari la kilo 1,540 pamoja na dereva wengi wetu tunaridhika na shafti nene inayobeba vyote viwili. La pili ndilo lililoninyima usingizi, nikachukua karatasi na kalamu.

Injini yangu hutoa takriban nyutoni mita 624 za msokoto. Gia ya kwanza ya TH350 ni 2.52, toki konveta (kiungo cha mafuta kati ya injini na gia boksi ya otomatiki) inaweza kuuzidisha msokoto karibu mara mbili gari linapoanza kuondoka, na uwiano wa difu yangu ni 3.73, yaani pinioni huzunguka mara 3.73 ili gurudumu lizunguke mara moja. Ukizidisha vyote unapata karibu nyutoni mita 11,700 kwenye shafti mbili za nyuma. Lakini kiasi hicho hakiwezi kufika huko, kwa sababu tairi litateleza kwanza, na tairi likiteleza shafti inapumua. Kwa hiyo kinachoipima shafti ni mshiko.

Tuchukue matairi ya barabarani. Nikikadiria kwamba robo tatu ya uzito inalalia nyuma wakati wa kuondoka na mshiko wa mpira ni 0.9, basi kwa tairi lenye nusu kipenyo cha mita 0.356 shafti zote mbili kwa pamoja haziwezi kupokea zaidi ya nyutoni mita 3,600 hivi kabla tairi halijateleza. Sasa weka vipara vilivyopashwa moto kwenye lami iliyopakwa gundi, mshiko upande hadi 1.6, na gari liinue pua mpaka asilimia 90 ya uzito ikae nyuma: kikomo kinafika karibu nyutoni mita 7,700. Sikuongeza farasi hata mmoja kwenye nguvu ya injini, lakini mzigo wa shafti umezidi maradufu.

Tena mzigo huo haugawanyiki sawasawa. Kwenye ekseli nzima ya nyuma, propela (shafti ndefu inayotoka gia boksi hadi difu) inapovuta hujaribu kuizungusha ekseli yote, hulikandamiza tairi la kushoto chini na kulinyanyua la kulia. Ndiyo maana gari la zamani lenye difu ya wazi, isiyo na kitu cha kuzuia gurudumu moja lisiteleze peke yake, huacha alama moja tu ya mpira, ya upande wa kulia. Difu yangu ina klachi za kuzuia utelezi, kwa hiyo haikulisubiri tairi la kulia. Ilipeleka zaidi upande wenye mshiko, yaani kushoto, na kushoto ndiko kulikokatika. Nilipoliona hilo niliacha kuuliza difu ipi inahimili farasi 500. Ninauliza ipi inahimili gari la kilo 1,540 lenye vipara vya inchi 28 na otomatiki.

#4 Mchangiaji, Indiana

Kaka, hesabu yako imekaa sawa, na natamani wateja wangu wangekuja nayo. Ninafanya kazi kwenye karakana ya kufunga difu, kila siku mikono yangu iko kwenye krauni na pinioni, kwa hiyo nitaeleza ninachokiona mezani.

Anza na bolti 12, kwa sababu ndiyo ndugu wa difu yako. Ilitoka kwenye magari ya Chevrolet kuanzia 1965 hadi 1972, krauni yake ni inchi 8.875, shafti zake za asili zina meno 30, na shina la pinioni lina unene wa inchi 1.625. Ukienda kununua iliyotumika, jihadhari na ile ya malori madogo: inafanana, ina bolti 12 vilevile, ila shina la pinioni ni inchi 1.438 na sehemu nyingi haziingiliani. Zile za asili za magari zimeshikwa na wakusanyaji wa magari ya kale na bei yake haina uhusiano tena na uimara. Habari njema ni kwamba hausingi mpya (magamba ya chuma yanayobeba difu na shafti) za bolti 12 bado zinatengenezwa, zina chuma kinene zaidi, na zinakuja na viti vya springi vya Nova tayari.

Ubaya wa bolti 12 ya asili ni ule ule uliokutoa gurudumu: shafti inashikiliwa ndani ya difu kwa klipu ndogo yenye umbo la C. Shafti ikikatika upande wa nje wa klipu, hakuna kitu kingine kinachoizuia isitoke na tairi lake. Kuna vifaa vya kufunga mwishoni mwa hausingi ili kuziondoa klipu hizo, lakini nimeona vingi vikivuja mafuta hadi kwenye breki. Njia safi ni kukata ncha za hausingi na kuchomelea ncha za Ford za beringi kubwa, ambapo beringi inashindiliwa kwenye shafti na kufungwa kwa bamba na bolti nne. Hausingi mpya unaweza kuiagiza ikiwa na ncha hizo tangu mwanzo.

Ford ya inchi 9 ni falsafa nyingine kabisa. Ilitumika kuanzia 1957 hadi 1986. Haina kifuniko cha nyuma. Moyo wote wa difu unachomoka kwa mbele kama droo, ukauweka mezani ukaupima kwa raha. Pinioni yake inashikiliwa na beringi tatu: mbili nyuma ya meno na ya tatu mbele ya ncha, hivyo mzigo unapokuja haiwezi kuikimbia krauni. Kwenye bolti 10 na bolti 12 pinioni imening'inia kwa beringi mbili tu, na mzigo mkubwa huisukuma pembeni mpaka meno yakutane kwenye ncha badala ya katikati. Hapo ndipo meno hung'oka. Na tangu asili shafti za inchi 9 hazina klipu ya C.

Ukienda kwenye magari makuukuu kutafuta inchi 9, ya lori la Ford F-150 ni pana mno na magurudumu yake yana duara la bolti la inchi 5.5, ya Lincoln Versailles ya 1977 hadi 1980 ilikuja na breki za diski na ilikuwa ikigombaniwa. Magurudumu yako ya Chevrolet yana bolti tano kwenye duara la inchi 4.75, na ya magari mengi ya Ford ni 4.5. Usije ukaileta difu nyumbani ndipo ugundue kwamba ringi haziingii.

#5 Mchangiaji, Michigan

Yule aliyeapa kuhusu Dana 60 huenda ni mimi au ndugu yangu wa kufikia. Nina Plymouth Road Runner ya 1970, injini ya 440, gia ya mkono yenye hatua nne. Chrysler wenyewe waliona kwamba difu yao ya inchi 8.75 haitoshi nyuma ya injini hiyo na gia ya mkono, wakaweka Dana 60 yenye krauni ya inchi 9.75, kwa uwiano wa 3.54 au 4.10. Mtengenezaji wake, Dana, ana makao makuu Maumee, jirani ya Toledo, huko huko kwenu Ohio.

Lakini sikushauri uifuate kwa kuiga. Gari langu lina uzito mkubwa kuliko lako, na mguu wangu unapoachia klachi kwa mizunguko 5,000 hakuna toki konveta ya kulainisha pigo. Ni nyundo. Otomatiki husukuma, gia ya mkono hupiga. Kama ungekuwa na klachi ningekuambia usiangalie kwingine. Kwa gari la kilo 1,540 lenye TH350, utabeba makumi ya pauni za chuma cha ziada chini ya springi ambacho hutakitumia kamwe.

#6 Mchangiaji, Houston

Naomba niwatetee wenye mfuko mwepesi. Ford ya inchi 8.8 iliyotoka kwenye Explorer za 1995 hadi 2001 ina shafti za meno 31, breki za diski, na mara nyingi uwiano wa 3.73 au 4.10. Niliikata upande mrefu, nikaingiza shafti fupi ya pili, nikachomelea mirija kwenye moyo wa chuma cha kumimina ili isizunguke, nikaifunga kwenye Mustang ya 1989. Inakwenda sekunde 11.3 bila kulalamika. Kasoro yake ni klipu ya C, na nakiri kwamba nikishuka chini ya 11 nitalazimika kuibadilisha ncha, ambapo akiba yote itakuwa imeyeyuka.

#7 Mwanzisha uzi

Dada wa Indiana, umenifungua macho. Mzee wa Michigan, ahsante kwa kuwa mkweli juu ya chuma chako mwenyewe.

Suala la klipu limekwisha amuliwa na kanuni, si na mimi. NHRA, chama kinachosimamia mbio hizi tangu 1951, kinataka gari lolote linalokimbia sekunde 10.99 au kasi zaidi, na lolote ambalo difu yake imefungwa moja kwa moja, liwe na shafti zisizo za kiwandani pamoja na kifaa cha kuzizuia zisichomoke. Lengo langu la 10.80 linanivusha mstari huo. Kwa hiyo hata bolti 12 ya asili nikiipata kwa bei ya kutupa, lazima ikatwe ncha. (Pete ya chuma ya kuizunguka propela nilikuwa nayo tayari, hiyo huhitajika mapema zaidi, kuanzia 13.99 kwa anayetumia vipara.)

Kuhusu unene wa shafti, nimejifunza jambo ambalo ningelipenda kila mwenye gari la namna hii alijue. Uwezo wa fimbo ya duara kustahimili msokoto hukua kwa mchemraba wa kipenyo chake. Shafti yangu ya meno 28 ina kipenyo cha takriban inchi 1.2, ya meno 31 ni kama 1.32, ya meno 35 ni inchi 1.5. Kutoka 1.2 hadi 1.5 ni ongezeko la robo tu, lakini 1.25 mara 1.25 mara 1.25 ni 1.95, yaani uwezo unakaribia maradufu. Nilizilaza kipande changu kilichovunjika na shafti ya meno 35 ya rafiki yangu pamoja kwenye benchi, na kwa macho tofauti ni ndogo, kama kidole gumba changu na cha kaka yangu. Sikuamini mpaka nilipoishika kwa mikono miwili.

Sasa uwiano wa gia. Kuna kanuni rahisi: maili kwa saa, mara uwiano wa difu, mara 336, gawa kwa kipenyo cha tairi kwa inchi, unapata mizunguko ya injini. Kwa tairi la inchi 28 mambo ni mepesi zaidi kwa sababu 336 gawa kwa 28 ni 12 kamili. Leo navuka mstari kwa 117, na 117 mara 3.73 mara 12 ni karibu 5,240. Toki konveta ikiteleza kidogo tuseme 5,500. Injini yangu hupumua vizuri hadi 6,500, maana yake ninamaliza mbio nikiwa na pumzi ambayo sijaitumia. Nikifikia maili 126 kwa 4.11, hesabu inatoa 6,214, na ukiongeza utelezi ni kama 6,500. Hapo pamekaa.

Ila 4.11 ina meno machache kwenye pinioni, na pinioni ndogo ni pinioni dhaifu. Dada, hilo lisinitie hofu?

#8 Mchangiaji, Nairobi

Nasoma kwa makini tangu jana. Naona wote mnaelekea inchi 9, na hakuna aliyetaja kwamba inakula nguvu kuliko nyingine. Mnanunua uimara kwa farasi, na farasi ndio mnaowalipia kwenye injini.

#9 Mchangiaji, Indiana

Ndugu wa Nairobi amegusa penye ukweli. Kwenye krauni za haipoidi, pinioni haikai katikati ya krauni bali imeshushwa chini. Kwenye Dana 60 imeshuka inchi 1.125, kwenye bolti 12 inchi 1.5, na kwenye Ford inchi 9 inashuka zaidi ya inchi 2. Kadiri inavyoshuka, meno yanashikana kwa eneo kubwa zaidi na kuwa na nguvu, lakini pia yanasuguana kwa kuteleza zaidi, na msuguano huo ni joto. Kwa hiyo ndiyo, bolti 12 itakuwa nyepesi kuzungusha. Kwa mtu anayetafuta sehemu ya kumi ya sekunde kwenye daraja la mashindano, hiyo ni hoja nzito. Kwa mtu aliyebaki na gurudumu nje ya bodi, ni hoja ya pili.

Kaka wa Ohio, kuhusu pinioni: 4.11 ya inchi 9 ni meno 37 kwa 9, na 3.50 ni 35 kwa 10. Ningeogopa ukitaka kwenda 5 na kuendelea. Kinachonitisha zaidi ni aina ya chuma. Kuna krauni za mashindano za chuma aina ya 9310, ambacho ni laini na hukubali kupinda bila kuvunjika chini ya pigo, lakini barabarani huisha haraka. Kwako wewe unayekwenda nayo dukani, agiza za kawaida za 8620. Na usishawishiwe kuweka spuli, ile inayofunga magurudumu mawili kuwa kitu kimoja. Kila kona ya barabarani gurudumu la nje hutaka kwenda mbali kuliko la ndani, na shafti ndizo zinazolipa deni hilo.

Tena, naomba usimpe mtu wa haraka haraka kazi ya kufunga. Wiki hii nimefungua difu ya bei kubwa sana iliyofungwa mahali pengine, krauni imeliwa upande mmoja kwa sababu shimu, vile vipande vyembamba vya kurekebisha nafasi, ziliwekwa kwa kukisia. Plei, yaani uwazi kati ya meno ya krauni na ya pinioni, iwe kati ya inchi 0.006 na 0.010, ipimwe sehemu nne za mzunguko, kisha meno yapakwe rangi ya njano na kuzungushwa ili alama ionekane imekaa katikati, wala si kwenye kilele wala si kwenye shina. Picha ya alama hiyo nionyeshe kabla hujaweka mafuta.

#10 Mwanzisha uzi

Nimeamua, na nimeagiza: hausingi mpya ya inchi 9 yenye ncha za beringi kubwa, moyo wa chuma cha nodula (chuma cha kumimina kisichovunjika upesi), shafti za meno 35, difu ya kujifunga yenyewe inayoachia kwenye kona, na krauni ya 4.11. Uimara si sababu pekee, maana bolti 12 mpya yenye shafti nene nayo ingetosha. Sababu iliyonishinda ni ile droo. Mimi hufanya kazi peke yangu chini ya kibanda cha bati, bila lifti, na wazo la kuwa na moyo wa pili wa 3.50 kwa ajili ya safari ndefu, ambao ninaweza kuubadilisha mwenyewe Ijumaa jioni kwa kuvuta shafti mbili na kufungua nati chache, lina thamani kwangu kuliko farasi watakaopotea kwenye msuguano. Ndugu wa Nairobi anisamehe.

Kabla ya kuagiza nilipima kutoka uso wa ngoma moja hadi uso wa ngoma nyingine mara tatu, gari likiwa limekaa kwenye magurudumu yake, nikapima na nafasi iliyopo kati ya vipara na bodi, nikaagiza hausingi iliyo fupi kwa nusu inchi kila upande. Shafti nimeagiza zenye duara la bolti la 4.75. Viti vya springi sikutaka vichomelewe kiwandani; nilivishikiza kwa doa dogo la kulehemu gari likiwa kwenye urefu wake wa kawaida, nikaelekeza pua ya pinioni chini kidogo ikilinganishwa na propela, kwa sababu springi za majani hujikunja wakati wa kuondoka na kuinua pua hiyo. Baada ya kipimo kukubali ndipo nilipochomelea moja kwa moja. Propela nayo ilibidi ikatwe na kusawazishwa upya, kwa kuwa pua ya inchi 9 haiko mahali ilipokuwa ya bolti 10, na nimetumia fursa hiyo kuweka krosi (viungo vya ncha za propela) kubwa za saizi ya 1350.

#11 Mchangiaji, Dar es Salaam

Picha ya alama za meno iko wapi mkuu? Dada aliitaka, na mimi pia naisubiri.

#12 Mwanzisha uzi

Fundi, nimeiweka hapo chini. Alama iko katikati, imeelekea kidogo upande wa ndani, na dada wa Indiana ameniambia kwa simu niiache hivyo hivyo.

Siku ya kwanza nilizunguka nayo taratibu kwa dakika 20, nikaiacha ipoe kabisa mpaka naweza kushika hausingi kwa mkono, nikarudia mara tatu. Difu inalia kidogo kwenye maili 45, sauti nyembamba kama ya mbu, na kwenye kona za polepole ile difu ya kujifunga hugonga mara moja kabla ya kuachia, jambo ambalo lilimshtua mke wangu tulipotoka sokoni. Baada ya maili 500 nilimwaga mafuta. Sumaku ya kizibo ilikuwa na unga mweusi laini, bila kipande chochote cha kuhisi kwa vidole.

Jumamosi iliyopita niliondoka mara saba kwa vipara vile vile, bado bila naitrasi, na muda bora ulikuwa 11.41. Jioni nilichomoa shafti ya kushoto, nikaifuta mafuta na kuiinua dhidi ya taa ya kibanda. Meno yote 35 yamenyooka. Plei ya krauni nimeipima tena sehemu nne: inchi 0.008, ile ile.